Funguo Mbili Kwenye Pete Moja

Irving, Jumamosi mchana, Agosti 2019

Vai mwanangu,

Rafiki yako amekuchukua saa nne kwenda kusukwa Mansfield, na umeniahidi utarudi saa kumi na moja. Nakujua miaka ishirini na tatu sasa, kwa hiyo mimi nimeandika saa moja usiku, na muda wa kukuandikia ninao.

Nimeshashuka chini mara tatu kuliangalia gari lako, kana kwamba litaondoka bila wewe. Mara ya tatu jirani wa mlango wa pili akaniuliza kama naliuza. Nikamwambia haliuzwi, kesho linakwenda Houston na mtaalamu wa tiba ya upumuaji. Akasema, "Oh, nice." Hiyo "nice" haikunitosha. Nikamweleza upya, polepole, mtaalamu huyo ni nani, amesoma miaka mingapi na amezaliwa na nani. Nadhani alikuwa na nyama kwenye jiko, maana aliondoka kwa kurudi kinyumenyume.

Watu wanategemea siku kama hii mama awe na kitambaa machoni. Mimi nataka kucheza. Nilifika nchi hii na begi moja na namba ya simu ya mtu ambaye hakupokea. Nimeosha vyombo jikoni uwanja wa ndege miaka mitatu. Baba yako alipoona Marekani si yake akarudi Arusha, kuna waliosema kanisani kwamba na mimi sitamaliza mwaka. Majina yao ninayo. Leo nina wafanyakazi kumi na mmoja, ofisi kumi na nne tunazosafisha, na binti ambaye Jumatatu atavaa sare yenye jina lake hospitalini. Acha nifurahi kidogo.

Habari za kula, kulala mapema na kwenda kanisani sitaandika. Nimekuambia tangu ukiwa chekechea, na uliyotaka kuyashika umeshayashika. Nakuandikia jambo moja tu. Ufunguo mmoja wa gari uko kwenye pochi yako. Wa pili uko hapa mezani, mbele yangu. Jana nilikuuliza huu wa pili atakaa nao nani huko Houston, ukanijibu, "Mama, relax, nita-manage, nitauweka kwenye droo." Droo ya wapi? Ya nyumba yako. Na ufunguo wa nyumba umeuning'iniza pamoja na wa gari. Ukipoteza mmoja umepoteza zote, na hiyo droo yako utaiangalia kupitia dirishani. Nikikaa nao mimi huku, kati yako na mimi kuna maili mia mbili na arobaini. Nikakuuliza unamjua nani Houston. Sote wawili tulikuwa tunamfikiria mtu mmoja, tukaanza kuongea habari za mapazia.

Mtu huyo ni mama yako mdogo, Aika. Anakaa Sharpstown, dakika kumi na saba kutoka kwenye nyumba uliyopanga. Nimepima kwenye simu mara nne, kwa saa tofauti. Mdogo wangu wa tumbo moja, na hatujaongea mwaka mmoja na miezi miwili. Umeshatuuliza kwa nini, na kila mara nimekujibu nusu. Leo nakujibu yote, maana siwezi kukuambia nani akae na ufunguo bila kukuambia mimi nilifanya nini na funguo zangu.

Wewe unajua kazi yangu ni funguo. Watu wanadhani kazi yangu ni ndoo na sabuni. Ofisi kumi na nne zimenipa funguo thelathini na moja, na kila mmoja una namba, hauna jina wala anwani, ili hata ukianguka barabarani aliyeuokota asijue ni wa mlango gani. Kila jioni zinahesabiwa zinapotoka na kila asubuhi zinahesabiwa zinaporudi. Miaka saba, haujapotea hata mmoja. Ningeweza kumfundisha mtu yeyote Texas jinsi ya kutunza funguo za watu wengine. Zangu mwenyewe ndizo zilizonishinda.

Unakumbuka mwaka 2017 Aika alipokuja kukaa na sisi. Miezi minane, wewe ukalala sebuleni bila kulalamika. Nilimpa ufunguo wa pili wa gari, hilihili unaloondoka nalo. Siku moja saa nane mchana akaniambia, "Dada, naenda dukani, dakika kumi tu." Alirudi baada ya saa nne na dakika ishirini. Mimi nilikuwa na ofisi mpya ya kufungua saa kumi, siku ya kwanza ya kazi, na wafanyakazi wawili wamesimama juani wananisubiri. Tenda ile ilivunjika siku hiyohiyo. Alipoingia ndani palikuwa na akina mama sita wa jumuiya, walikuwa wamekuja kusali. Sikungoja waondoke. Nilinyoosha mkono nikamwambia, "Lete ufunguo." Akaniletea pete yake nzima. Nikautoa wa gari pale mbele ya wote, ukucha ukakatika, nikamrudishia pete iliyobaki na ufunguo wa nyumba. Mmoja wa akina mama akaanzisha wimbo.

Baada ya wiki tatu alihamia Houston. Mimi nikazichukua funguo zote mbili nikazitia kwenye pete moja, yangu. Nilijisikia mjanja sana. Nilisema sasa hakuna wa kuniomba gari, hakuna wa kuniambia dakika kumi. Nilijivunia pete ile, Vai, kama mtu aliyegundua dawa.

Juni mwaka jana, Mama Glory akamwandalia binti yake sendofu Houston, na wakwe walikuwa wanatoka Ohio. Mimi nilikabidhiwa ndafu. Wewe ulikuwa na mitihani ukabaki. Unajua kwetu uchaggani shughuli bila ndafu ni kikao tu. Keki waachie watoto. Nilimfuata yule fundi wetu wa ndafu Mansfield saa tano asubuhi, mbuzi mzima amekaukia vizuri, amekaa kwa magoti kwenye trei kama anasubiri kusomewa risala. Tukamfunga foili matabaka matano, tukamweka kwenye buti. Nikaendesha hadi Houston bila kusimama isipokuwa mara moja kwa mafuta. Nilikuwa naimba. Nilifika kwenye maegesho ya ukumbi saa tisa na dakika hamsini, na ndafu alitakiwa aingie saa kumi na mbili kamili. Nilikuwa mbele ya ratiba kwa saa mbili na dakika kumi, na nilitaka kila mtu ajue.

Sasa sikiliza ilivyokwenda, maana ndivyo inavyokwenda kwa kila mtu. Milango yote minne nilikuwa nimeshaifunga kwa rimoti. Nikafungua buti tu. Nikaweka pochi ndani, pembeni ya mbuzi, ili nipate mikono miwili. Simu ikaita, Mama Glory anauliza nimefika wapi. Nikamwambia niko mlangoni kwako, tuma vijana waje kubeba. Jua lilikuwa kali, digrii tisini na nane za hapa, nikasema nyama isipigwe na jua, nikasukuma buti kwa kiwiko huku naongea. Likalia ko. Mlio ule naujua hata leo nikiwa usingizini. Gari la mwaka 2009 halikuulizi ufunguo uko wapi, linafunga tu.

Nilizunguka nikajaribu milango yote minne. Kisha nikaijaribu tena yote minne, labda mmoja umebadili mawazo. Wa pili wa akiba ulikuwa wapi? Ndani, kwenye pochi, kwenye pete moja na mwenzake, ubavuni mwa ndafu.

Simu ilikuwa mkononi, hiyo ilikuwa bahati na si akili. Wewe ifanye akili: simu na leseni vikae mwilini mwako, si kwenye kiti, si kwenye buti, hata kama unashuka kuweka mafuta tu. Mimi nikatafuta fundi wa kufungua magari, nikampigia wa kwanza niliyemwona. Akasema dola kumi na tisa. Nikafurahi, sikuuliza kingine. Akaja baada ya dakika hamsini na tano, gari halina maandishi, shati halina jina. Akalizunguka gari langu mara moja, akasema loki hii ni ya aina ngumu, lazima atoboe, ni mia mbili themanini na tano. Nikamwambia, "Hiyo ni mara kumi na tano." Akasema, "What?" Nikamwambia kumi na tisa mara kumi na tano ni mia mbili themanini na tano, jipigie mwenyewe. Akasema niamue, ana wateja wengine. Nikamwambia awafuate. Aliondoka, na mimi nilijiona nimeshinda, mpaka nilipoangalia saa. Saa kumi na moja kasoro dakika tano. Kwa hiyo kabla fundi hajaondoka kwake muulize bei yote, siyo ya kuja, ya kumaliza, na ikibadilika atakuambia nini. Akianza kutaja kutoboa kabla hajagusa kitu, mwache. Na kabla yake piga bima. Mimi sikujua kwamba bima yangu ilikuwa inalipia mtu wa kuja kufungua. Miaka minne nalipia kitu nisichokijua, mimi ninayesoma risiti ya nyanya. Yako nimeisoma jana, huduma hiyo ipo, na namba ya simu nimeibandika nyuma ya simu yako. Usiibandue kwa sababu ya urembo.

Basi nikaomba hanga jikoni nikaanza kuchokonoa mlango. Emsii wa shughuli akatoka kuvuta hewa, suti ya bluu inang'aa, akanikuta.

"Mama Vai, nasikia ndafu wetu kakamatwa."

"Yuko mahabusu," nikamwambia.

"Dhamana yake shilingi ngapi?"

"Baba, kama huna hanga nyingine, nenda kajaribu kipaza sauti."

Akacheka akaenda, na ndani ya dakika tano ukumbi mzima ulikuwa unajua. Akina mama walikuwa wanatoka wawili wawili kunipa pole, na kila aliyetoa pole aliuliza swali lilelile: ufunguo wa pili uko wapi? Nilijibu Irving. Nilidanganya watu tisa.

Mama Glory alipotoka mwenyewe, na gauni lake na kilemba chake, hakuuliza ufunguo. Alisema, "Kwa nini usimpigie Aika? Si yuko hapo nyuma tu?"

Nikasema yuko kazini. Sikujua kama yuko kazini au yuko mwezini, nilikuwa sijamuuliza habari zake tangu ahame. Mama Glory akaniangalia, akampigia Aika yeye mwenyewe.

Alifika baada ya dakika tisa. Amevaa kandambili na kanga, hajavaa cha shughuli, na Vai, nilielewa palepale kwamba alialikwa na aliamua asije kwa sababu alijua nitakuwepo. Alikuja na jirani yake, Baba Furaha, Mkongomani wa Uvira, mpole, anafanya kazi ghalani ila huko kwao alikuwa dereva na fundi wa malori. Alikuwa na mkoba mdogo. Akanitazama na hanga yangu.

"Mama, acha kwanza hiyo chuma," akasema. "Unachubua gari bure. Gari haina kosa."

Akaingiza kimfuko cheusi kwenye upenyo wa mlango, akakijaza hewa polepole kwa kubonyeza kipira, kama daktari anayepima presha. Mlango ukaachama kidogo sana, upana wa kidole. Akapitisha fimbo ndefu. Na wakati anafanya hivyo, Aika akasogea karibu na mimi akauliza kwa sauti ya chini.

"Dada, na ule wa pili?"

Watu tisa nilikuwa nimeshawadanganya. Wa kumi ikanishinda. "Uko humohumo."

"Zote mbili?"

"Zote."

"Kwenye pete moja?"

Aliangalia lile buti muda mrefu. Hakucheka, na ningependa angecheka. Akasema, "Kwa hiyo bado."

Neno moja hilo. Alielewa pete ile ilitengenezwa kwa ajili ya nani.

Baba Furaha alimaliza kwa dakika sita. Akavuta kile kishikio cha buti chini ya kiti cha dereva, buti likafunguka, harufu ya ndafu ikatoka na vijana wakapiga vigelegele kuliko wanawake. Tukamkimbiza jikoni, akapashwa moto kwenye oveni kubwa ya ukumbi, na aliingia saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano akiwa na majani mdomoni, na wakwe wa Ohio wakasimama. Ukiniuliza shughuli ilikuwaje nitakuambia ilifana. Picha ulizoziona ni za kweli.

Lakini kati ya buti kufunguka na mimi kuingia ukumbini kuna kama dakika mbili ambazo hakuna aliyepiga picha. Nilitoa pochi, nikatoa pete, nikazishika funguo zote mbili mkononi kuhakikisha. Aika alinyoosha mkono.

"Nipe huo mmoja, Dada. Nikae nao mpaka kesho ukiondoka. Usije ukafungiwa tena."

Kilikuwa kitu cha akili kabisa. Mtu yeyote mwenye hesabu angempa. Mimi nikazirudisha zote kwenye pochi, nikafunga zipu, nikasema, "Hapana. Nitakuwa makini."

Akasema, "Sawa, Dada." Akageuka na kandambili zake.

Na bado sikuishia hapo. Ndafu alipokatwa, mimi ndiye niliyekuwa nagawa. Unajua kwetu nyama ya shughuli haigawiwi ovyo. Kuna kipande cha wajomba, kuna cha mashangazi, kuna cha mtu aliyeisaidia shughuli, na mtu wa damu akikosa kipande, huko ni kumtangaza. Nilikata bega zima nikamfungia Baba Furaha, nikampa kijana ampelekee. Mlango wa Aika uko mkabala na wa Baba Furaha. Sikumfungia kitu. Kijana aliniuliza, "Na mdogo wako?" nikamwambia aende, nyama inapoa.

Baba Furaha ana watoto watano, na kesho yake, nilikuja kusikia, alipeleka nusu ya lile bega kwa Aika, akamwambia dada yake ndiye aliyemtumia. Mtu baki alinidanganyia ili nionekane mtu.

Miezi mitatu baadaye ukaniambia, tena kwa bahati mbaya, tukiwa tunakunja nguo, kwamba siku ile ya dakika kumi Aika hakwenda dukani. Alikwenda kwenye usaili wa kazi Mansfield, kwenye nyumba ya kutunza wazee, wakamweka foleni, simu ikazima. Nikakuuliza mbona hakuniambia. Ukaendelea kukunja, ukasema, "Mama, kila siku ulikuwa unamuuliza ameomba ngapi na amepata ngapi." Ni kweli. Nilikuwa nauliza wakati wa chai. Nilidhani namsaidia kuhesabu. Sikujua mtu anaweza kuficha hata kazi anayoitafuta ili tu asijumlishwe.

Usifikiri nimegeuka malaika. Tenda ile ya ofisi bado inaniuma, na angeweza kuazima simu ya mtu akanipigia. Mtu akichukua gari lako, arudi kwa saa aliyosema. Hilo sitalibadili mpaka nife. Lakini nilipopoteza ofisi moja nilipata nyingine baada ya wiki tano. Mdogo wangu sikupata mwingine.

Kwa hiyo kwenye habari ya funguo haya ndiyo ninayoyajua kwa kuyalipia. Utajifungia siku moja, usijidanganye. Utakuwa umetoka zamu ya saa kumi na mbili nzima, ghorofa ya nne ya maegesho, umechoka, utasikia ule mlio. Simama kwanza. Kama ndani kuna vitu tu, vitu vinangoja, hata kama ni mbuzi wa watu mia mbili. Kama ndani kuna mtoto, wako au wa mwenzio, na joto la Houston unalijua, hapo usitafute fundi, usimpigie mama, usihesabu kitu. Piga 911 na uvunje kioo cha mbali na alipokaa. Kioo kinanunuliwa. Namba ya chesisi nimeipiga picha, iko kwenye simu yako na yangu, maana ukipoteza funguo kabisa watakaokutengenezea wataitaka, pamoja na kadi ya gari na leseni. Na usingoje upoteze wa mwisho. Kuchonga ufunguo kwa kuigiza mwenzake ni rahisi, kuuanzisha bila mwenzake nimeulizia na ni karibu mara tatu.

Hayo ni ya chuma. La mtu ni hili: ufunguo wa pili una kazi pale tu unapokuwa kwa mtu mwingine. Ukikaa nao wewe ni uzito wa pochi. Na mtu huyo anaweza kukuudhi. Anaweza kulichukua gari, likarudi halina mafuta. Bado ni bora kuliko mimi na ile pete.

Ngoja kidogo. Nasimama.

Nimerudi. Imepita dakika thelathini na nane. Nimempigia.

Iliita mara sita, nikawa nimeshafurahi kwamba hapokei. Akapokea.

"Dada? Umebonyeza kwa bahati mbaya?"

"Hapana."

"Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Vai amepata kazi huko kwenu. Anakuja kesho."

"Najua," akasema. "Nilijua kabla yako, alinitumia meseji ametoka tu kwenye usaili."

Hilo tutaliongea, wewe na mimi. Nikamwambia nina jambo. Nikamwambia nataka akae na ufunguo wa gari lako, ule wa pili. Nikasikia maji yanatiririka kwenye sinki, kisha yakafungwa.

"Mimi?"

"Wewe."

"Na nikilichukua, nikaenda nalo dukani?"

"Uende. Ila Vai anaingia kazini saa kumi na mbili na nusu, uwe umerudi."

Akacheka. Vai, ni yule Aika wa zamani, anacheka kwa pua kwanza halafu ndiyo mdomo. Akaniambia kesho yuko zamu mpaka saa tisa, kwa hiyo upite baada ya saa tisa, na usile njiani, amepika. Nikamwuliza anapika leo chakula cha kesho? Akasema ulimwambia unakuja tangu Jumanne. Nyie wawili mmenizunguka vizuri sana. Nimekasirika na nimefurahi, na sijui kipi kimezidi.

Kisha akauliza, "Na wewe utakuja lini, Dada?"

Na mimi, nilichomjibu ni kwamba barabara ile ina ujenzi karibu na Corsicana, mtoto aondoke mapema. Neno lenyewe nililompigia lilifika kwenye meno nikaongea habari za ujenzi. Sikumwomba msamaha. Dakika kumi na nne za simu na sikumwomba.

Nilipokata simu nikapata wazo la kulipitisha kwako. Umwambie, mama anasema samahani kwa ile siku. Ningekuandikia hapa kwenye mstari mmoja, ungelisema vizuri kuliko mimi, una sauti ya hospitali. Nimelikataa wazo hilo. Wewe kesho unabeba vitu vyako na ufunguo mmoja wa ziada, basi. Umpe mkononi. Usiuache kwenye meza, usimwachie mtoto wa jirani, usimwambie ni mzigo kutoka kwa mama. Mwambie ni wako, na unamwomba akutunzie, maana ndivyo ilivyo.

Langu nitalileta mwenyewe. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao nimeshaipanga, kazi zitasimamiwa, nitakuja na van ya ofisi. Nitapita Mansfield kwa fundi wetu alfajiri, na mguu mmoja wa mbuzi utakuwa na jina la mtu. Wewe siku hiyo uko zamu, nimeiona ratiba yako. Ukitoka, pitia Sharpstown. Ukitukuta tumekaa jikoni kwake na hakuna anayesema kitu, usituulize kuna nini. Osha mikono, ukae, ule. Nitakuwa bado natafuta pa kuanzia.

Mama yako